Jedwali la Tano

Kitendawili! Nina waamuzi watatu, sura hawana, majina hawana, wakisema ndiyo mtu hudungwa sindano. Usikimbilie kunipa mji. Sikiliza kwanza.

Jarrah Coombes, mlinzi wa waogaji, miaka kumi na tisa, alikutwa amelala maiti mchangani Townsville, Australia, bendera nyekundu na njano za walinzi zikipepea kando yake. Konyeza, mnyama laini wa baharini mwenye sumu, alikuwa amemchapa mguuni, alama nyembamba kama uzi.

"Si konyeza aliyemuua, Inspekta," alisema daktari wa maiti. "Ni ile dawa mpya ya kuondoa sumu yake. Wenzake walimdunga, moyo ukasimama."

Mama yake, Bi Glenys, alimkamata Inspekta Noreen Gela mkono.

"Walituambia imeandikwa katika jarida la sayansi, wataalamu wameipitisha. Nani aliisoma?"

Noreen aliliandika swali hilo daftarini.

Siku ya tatu alimketisha kituoni Profesa Desmond Quirke, mtengeneza dawa.

"Makala yako ilihakikiwa na nani?"

"Wataalamu watatu. Kwa siri. Ndiyo desturi yetu, hata mimi siwajui."

"Huwajui, na mhariri anasema majina ulimpa wewe?"

"Kupendekeza kunaruhusiwa, bibie."

"Bibie yuko kwenu. Mimi Inspekta." Akamtupia ripoti tatu za wahakiki. "Soma hapo."

"'Jedwali la tano linaridhisha.'"

"Na hii?"

"'Jedwali la tano…'" Akaiweka ripoti mezani.

"Makala uliyotuma ina majedwali mangapi?"

"Manne."

"La tano tumelikuta kwenye kompyuta yako. Wagonjwa sita, mioyo ilizimika! Ukalinyofoa, ukasahau kulinyofoa kwenye sifa ulizojiandikia. Anwani zote tatu za barua pepe za hao wahakiki ni zako. Mtu mzima, unajisahihishia mtihani!"

Quirke akajiinamia.

"Ni mimi. Miaka kumi na minne nasubiri idara iwe yangu. Vijana niliowafundisha wananipita. Nilihitaji makala moja tu, Inspekta."

"Na Jarrah alihitaji kuzeeka."

Akamfunga pingu mwenyewe.

Nje, kwenye benchi, Bi Glenys alikuwa ameketi na Dakta Varga, mhariri wa jarida, aliyeitwa kutoa maelezo. Noreen alisimama mbele ya Varga.

"Ripoti tatu zinasifu kitu ambacho hakimo. Hukuona?"

"Niliwaomba watu kumi na mmoja waihakiki, wakakataa. Kila mtu anataka yake isomwe, ya mwenzake hana nafasi. Hawa watatu aliowapendekeza Profesa walijibu siku hiyo hiyo. Nilishukuru Mungu."

"Usimtie Mungu humo! Mtoto wa darasa la kwanza anahesabu mpaka nne!"

Bi Glenys akainuka taratibu. Filimbi ya mwanawe ilikuwa ikining'inia shingoni mwake.

"Swali langu ni lile lile, bwana. Kabla hamjaipitisha, nani aliisoma?"

Varga alitazama viatu vyake. Kisha akatazama ile filimbi.

"Hakuna, mama," alisema. "Hata mimi sikuisoma."