Daraja la Saa Tatu na Nusu

"Mwari ameruka," sauti ilisema kwenye simu. "Una dakika kumi."

Verna Arrindell alipiga usukani ngumi. Hilux yake ilikuwa haijasogea hata hatua moja. Foleni ya daraja, foleni ileile iliyomtesa tangu utotoni.

Mwari alikuwa Joris Vanhecke, mlanguzi wa bunduki. Boti yake, Seraphine, ilikuwa ndani ya ziwa la maji chumvi, ikisubiri daraja linyanyuliwe saa tatu na nusu ili itoke kwenda baharini. Mfukoni Vanhecke alikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu yenye majina ya wapelelezi kumi na mmoja. La kwanza lilikuwa la Wilmot, fundi wa injini, kaka yake Verna.

Kadi ikitoka, Wilmot hafiki Jumapili.

Alipiga simu polisi wa Marigot, upande wa Wafaransa wa kisiwa.

"Boti imeegeshwa kwa Waholanzi, mama. Waulize wao."

Akapiga kwa polisi wa Philipsburg, upande wa Waholanzi.

"Bendera yake ya Kifaransa. Tuletee barua."

"Barua? Mtu atakufa!"

"Basi ilete haraka."

Verna alitukana kwa lugha tatu. Kisiwa unakizunguka chote kabla chai haijapoa, serikali mbili, na hakuna hata moja ya kukusaidia! Akachomoa ufunguo, akaiacha Hilux katikati ya njia na kukimbia. Nyuma yake honi zililia kama harusi.

Saa tatu na dakika ishirini na sita alipanda ngazi za kibanda cha daraja akihema.

"Usinyanyue daraja!"

Bi Clothilda Hodge, mlinzi wa daraja, hakugeuka. Alikuwa anamenya chungwa.

"Umenisikia? Kazi ya serikali!"

Ganda la chungwa liliendelea kushuka, refu, taratibu. Verna alitaka kulia kwa hasira. Kisha akakumbuka salamu. Miaka tisa ya kazi ya upelelezi Hague, ng'ambo kwa Waholanzi, ilikuwa imemharibu.

"Habari za asubuhi, Bi Clothilda."

"Nzuri, mwanangu." Bibi akageuka. "Aa, kumbe mtoto wa Irma! Nikadhani mtalii. Goti la mama?"

"Linamsumbua bado. Bibi, nakuomba. Seraphine ikitoka, Wilmot atauawa."

Uso wa bibi ulibadilika. Kabla hajajibu, redio ya upepo ilikoroma.

"Daraja! Seraphine hapa. Fungua upesi!"

"Habari za asubuhi, Seraphine," Bi Clothilda alisema.

"Fungua, nimesema! Umelala?"

Bi Clothilda alimtazama Verna. "Kutonyanyua siwezi, ratiba ni ratiba. Ila nani apite lini, hilo langu."

Saa tatu na nusu daraja lilinyanyuka. Boti moja ikasalimia, ikapita. Ya pili ikasalimia, ikauliza hali ya upepo, ikajibiwa kirefu. Verna aliuma kucha. Zikaja za kuingia, moja baada ya nyingine, na Seraphine ikaunguruma pembeni na injini zake mbili za Yamaha.

"Na mimi je, bibi kizee?"

"Wewe hatujasalimiana."

Taa nyekundu ikawaka. Daraja likaanza kushuka. Vanhecke alijaribu kupenya, akachelewa, akapinda kwa nguvu na kubamiza ubavu wa boti kwenye magogo ya nguzo.

Verna alikuwa tayari ameteremka ngazi ya chuma. Aliruka mita mbili, akatua sitahani, bastola ya Glock mkononi.

Vanhecke alinyanyua mikono akicheka. "Polisi wa upande gani wewe? Hapa huna mamlaka."

"Kalalamike pande zote mbili."

Alimfunga pingu kwenye usukani, akampekua. Kadi ilikuwa ndani ya kiberiti. Akaivunja kwa meno, vipande vikaenda mfukoni.

Alipiga simu.

"Wilmot?"

"Verna! Usiniongeleshe sasa, nimekasirika. Niko kwenye foleni ya daraja. Kuna mpumbavu ameacha Hilux katikati ya njia! Nikimshika namkaba koo!"

Verna alifumba macho, akamsikiliza kaka yake akifoka. Alimwacha afoke hadi pumzi ikamwishia.

"Subiri hapohapo," alisema. "Namleta."

Akakata simu, akavaa miwani yake ya jua, akapanda ngazi kwenda kwenye honi.