Nani Akae Golini?

Naapa, kisa hiki hakina hata chembe ya chumvi. Nilikuwepo mwenyewe, nikinywa chai, mjukuu wangu alipotoka shuleni na kuanza kuzunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Kaa chini, Nyigu, unanitia kizunguzungu."

"Siwezi, babu. Kesho kuna mechi. Kocha anamtaka kipa aliyedaka sehemu kubwa zaidi ya mikwaju aliyopigiwa mazoezini. Tuko watatu, na mimi nahodha ndiye niliyeambiwa nitupange."

Kila mmoja alikuwa amepiga hesabu kivyake. Wa kwanza alileta 7/10, wa pili 0.68, na Nyigu asilimia 69.

"Sasa unahangaika nini?" nikasema. "Sitini na tisa na saba, wapi na wapi? Na huyo wa sifuri, bora angebaki kwao."

Akacheka, akakaa. Akasimama tena, akachungulia dirishani. "Mbona roho haitulii?"

Mama yake, fundi cherehani, akatoa pini midomoni. "Kwa sababu babu yako anakupoteza." Akakata ukanda wa kitambaa wenye urefu wa sentimita mia. "Huu wote ni mikwaju yote aliyopigiwa mtu. Haya, tia alama."

Asilimia 69 ikawa sentimita sitini na tisa. 0.68 ni sehemu sitini na nane za mia, kwa hiyo sitini na nane. Kwa 7/10, Nyigu akaugawa ukanda vipande kumi vilivyo sawa, akahesabu saba. Chaki ikatua kwenye sabini.

Nyigu alikuwa amezidiwa kwa upana wa ukucha.

"Kocha hatajua," akanong'ona. "Alipoona sitini na tisa alinipa hongera."

"Wewe unajua," mama yake akajibu, akaendelea kushona.

Asubuhi alimpelekea kocha mpangilio: 7/10, asilimia 69, 0.68. Mechi nzima alikaa benchi, miguu haitulii.

Jioni mama yake akamwambia, "Namba zikija kwa sura tofauti, zitie kwanza kwenye kipimo kimoja, ndipo uzilinganishe. Na ukishapata jibu, liseme hata kama linakuuma."

Nami nikataka kumfariji. "Enzi zangu nilidaka asilimia mia na ishirini ya penalti."

Akanitazama. "Yote ni mia, babu. Hizo ishirini alikupigia nani?"

Mama yake alicheka mpaka uzi ukakatika, kisha akatoa hukumu. Ndiyo maana ninaandika haya mikono ikinuka sabuni: nimefua soksi za timu nzima, pamoja na za wachezaji wa akiba.