Mshonaji Aliyetanguliwa Kazini

Mshonaji alifungua kufuli la kibanda chake saa mbili asubuhi, akakuta cherehani ina joto, kama iliyokesha ikifanya kazi. Hewa ilinuka kitambaa kilichounguzwa na pasi.

"Gauni limenikaa, mama!" jirani akamwambia akipita. "Na jana ulivyopendeza! Umejipaka nini usoni?"

Jana alishinda kitandani, kiuno kikimuuma. Hii ilikuwa siku ya tatu anashukuriwa kwa kazi asiyoifanya. Na mshono ulikuwa wake kabisa, umenyooka kama alivyoshona kabla mikono haijaanza kutetemeka.

Akafunga kibanda, akarudi nyumbani kwa hasira. Mlangoni alisikia sauti yake mwenyewe ikiimba. Mumewe alikuwa mezani, na aliyempakulia alikuwa yeye, yeye wa siku ya harusi, shingo haina hata mkunjo mmoja.

"Huyu nani?"

"Shusha sauti," mume akanong'ona, macho kwenye sahani. "Ana wiki sasa. Mwanzo nilidhani ni wewe umepona."

"Ulipokuwa mchanga homa ilikuzidi," yule akasema kwa upole. "Mama yako akaomba usife. Mimi ndiye niliyemwitikia. Kuzeeka hakukutaja, basi uzee nikakuachia, ujana nikachukua. Kufa hatufi, mwenzangu, si wewe si mimi."

"Nani alikutuma uingie jikoni kwangu?" Badala ya woga, alitaka kulia kwa uchungu. Akaenda kumleta mganga.

Mganga, mama mmoja mnene asiye na maneno mengi, akasoma juu ya bakuli la maji, na kadiri alivyosoma ndivyo harufu ya kuungua ilivyozidi, masufuria yakagongana rafuni, madirisha yakatetemeka, na wale wawili wakatokwa jasho sawasawa, wakahema sawasawa, hata mganga mwenyewe akasita asijue amwagie yupi maji.

"Jini hutolewa na mwenye nyumba," akamwambia mume. "Nionyeshe jini ni yupi."

"Mwonyeshe, baba!" mshonaji akasema. "Miaka thelathini na miwili! Unangoja nini?"

Mume alitazama huku, akatazama kule. Kisha akainua kidole, akamwelekezea mkewe mwenye kiuno kibovu.

"Nisamehe," akasema.

Maji yakamwagika. Mshonaji akang'ang'ania mlango, akatukana, akasihi, lakini miguu ilikwisha kugeuka yenyewe ikimtoa nje. Komeo likapigwa nyuma yake. Jua lilikuwa kali. Pa kwenda hakuwa napo. Na kufa, hafi.