Aliyezimiwa Jokofu

Gari lilikuwa linapanda mlima, na chaji nayo ilikuwa inapanda.

Asiyeyajua magari ya umeme ataona hiyo ni bahati. Dereva hakuona hivyo. Gari la namna ile hurudisha chaji kidogo likiteremka. Likipanda, hulamba betri kama ng'ombe mwenye kiu. Na hapa barabara imesimama kama ukuta, namba za dashibodi zinaongezeka, na mguu wake haujakanyaga sana.

Akamwonyesha mama wa stoo, mtunza dawa aliyekaa kando yake na funguo za jokofu la dawa mapajani. Yule mama akasema gari bovu ni bovu tu, liwe la kutia mafuta au la kuchomeka ukutani kama pasi.

Dereva huyo walimwita Nafika, maana hata akiwa bado anatafuta soksi nyumbani, ukimpigia simu atakwambia nafika. Sifa yake ilikuwa hiyo, hajawahi kulala njiani. Na sifa hiyo ilishaua mtu.

Ilikuwa safari iliyopita, mlima huu huu. Betri ilikuwa ukingoni, na katika gari lile magurudumu na jokofu la nyuma hula sahani moja. Mwenye akili angegeuza akachaji. Yeye akazima jokofu, jua likichoma bati, akapanda. Alipoikaribia zahanati ya mlimani akaliwasha tena, akakabidhi sindano zenye ubaridi wa juu juu, akaandaliwa chai na kusifiwa. Zilikuwa sindano za kuzuia damu kwa mama aliyejifungua. Zikipigwa na joto, bora umchome maji ya kisima. Mke wa fundi cherehani akajifungua siku chache baadaye, akachomwa, damu ikakataa kusimama. Akachomwa tena. Akafa na mtoto wake, na mkunga akalia wiki nzima akidhani kosa ni la mkono wake. Nafika alipopata habari akasema pole, akaendelea kula.

Leo ilikuwa zamu ya binti yake wa pekee, aliyeolewa huko huko mlimani. Uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri, na kabati la zahanati halikuwa na sindano hata moja. Basi leo jokofu lilitunzwa kama yai, na betri ilijazwa mpaka pomoni. Kwa mwanawe, kazi aliijua.

Ndipo kitu kikagonga nyuma. Ko. Ko. Kwenye gari la kawaida injini ingeumeza mlio ule, lakini hili lilikuwa kimya kiasi kwamba ungesikia tumbo la mwenzako likinguruma.

"Kaka, jokofu nimelifunga mwenyewe," mama wa stoo akanong'ona. "Ndani kuna sindano tu."

"Ni chupa zinagongana."

"Chupa hazibishi hodi."

Harufu ikaja, ya damu mbichi na maziwa ya mama mzazi, harufu ambayo mwanamke aliyezaa haulizi ni ya nini. Mama wa stoo akafunika pua kwa mtandio, akaanza kuomba. Nafika akashusha kioo. Jua lilikuwa la mchana, watu walikuwa wanapalilia mashamba yao kandokando, na hakuna aliyegeuka kutazama.

Kisha sauti ikatoka nyuma, ya upole kama ya mgonjwa anayeogopa kusumbua.

"Dereva, leo umewasha?"

Nafika akakaza macho barabarani. "Nimewasha, mama. Tangu asubuhi nimewasha."

"Haya. Twende."

Na gari likaenda. Likaenda bila kukanyagwa, likiukwea mlima ule kama jiwe linaloporomoka, namba za chaji zikipanda, harufu ikizidi, na paa la zahanati likatokea, na lango, na mkunga akiwa katikati ya lango ameunyosha mkono uliolowa damu mpaka kwenye kiwiko, na Nafika akakanyaga breki kwa miguu yote miwili mpaka ikagusa sakafu, akavuta breki ya mkono, akapinda usukani nao ukakaa kama umejengewa kwa saruji, na gari likampita mkunga huku akilitazama kwa mdomo wazi, likapita dirisha la wodi ambalo binti yake alikuwa ndani akiita baba, likapanda tena, mbali, mpaka kwenye kaburi ambalo udongo wake ulikuwa haujaota hata jani, na hapo likasimama taratibu, kwa adabu.

Mama wa stoo akafungua jokofu. Hapakuwa na mtu. Sindano zilikuwa baridi, safi, hazina kasoro yoyote. Nafika akalibeba boksi, akashuka mlima akikimbia, akaanguka, akainuka, hakuachia hata sindano moja.

Mkunga alikuwa ameketi kwenye ngazi, anavua glavu.

"Mtoto mzima," akasema. "Mama yake sikuwa na cha kumchoma."

Nafika aliacha udereva, au udereva ulimwacha, maana mama wa stoo alieleza yote ofisini bila kuulizwa mara mbili. Alikwenda kwa mganga. Mganga akamsikiliza mpaka mwisho, akavikusanya vitu vyake. Akamwambia jini wa kawaida huja na madai, ukimpa anashika njia yake. Huyu hadai kitu, amekuja kwa haki yake, na yeye hawezi kumfukuza mtu kwenye haki yake.

Gari lile halikupata dereva mwingine. Lilifungwa kwenye karakana ya ofisi, betri ikatolewa.

Siku moja mchana Nafika alikuwa amejilaza sebuleni, mjukuu akilia kifuani, akasikia kokoto zikisagika polepole nje, bila injini. Harufu ikamtangulia mtu. Mtoto akaacha kulia, akageuza uso mlangoni, akacheka kama anayemfahamu aliyekuja.

"Baba," sauti ikaita. Haikuwa ya mke wa fundi cherehani. "Baba, nifungulie. Huku nyuma kuna baridi."