Mita Thelathini Mraba

Linet Khaemba alikuwa mchambuzi wa maharagwe. Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja katika ghala moja la nafaka mjini Kitale. Kila asubuhi alikaa juu ya gunia, akamwaga maharagwe kwenye ungo, akatoa mawe na mabovu. Vidole vyake viliijua kazi hiyo hata macho yakitazama kwingine.

Alikuwa amepanga chumba kimoja katika mtaa wa Kipsongo, yeye na binti yake Nekesa. Mvua ikinyesha walisogeza kitanda upande wa mlango. Ikizidi, walikunja kigodoro chao wakakikalia mpaka ipungue.

Jumanne na Alhamisi, saa kumi, Linet alijifuta vumbi la ghala akaenda darasa la ngumbaru, la watu wazima, katika ukumbi wa kanisa. Mwalimu wao alikuwa mama mmoja wa makamo, jina lake Wakiuru. Siku ya kwanza Linet hakuweza kuandika hata jina lake. Baada ya miaka miwili alisoma mabango, risiti na Biblia. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, lakini alisoma.

Alikuwa na tumaini moja: kujenga nyumba yake nyumbani, karibu na Malakisi, huko Bungoma. Baba yake kabla ya kufariki alimwachia kiwanja. Aliandikisha karatasi. Karatasi hiyo ilikaa kwenye sanduku la kaka yake, Kizito. Linet hakuwahi kuiona. Kila alipouliza, aliambiwa, "Sehemu yako iko, dada. Usiwe na wasiwasi."

Mwezi wa sita, Kizito alimpigia simu.

"Dada, kuja nyumbani. Mama anataka kugawa shamba kabla hajachoka zaidi. Nimeshakupimia sehemu yako."

Linet alifurahi sana. Jumamosi alifika Malakisi na mkate na kilo mbili za sukari. Alimsalimu mama yake, kisha akamfuata Kizito nyuma ya jiko. Kando ya jiwe kubwa kulikuwa na vigingi vinne vimepigwa chini, vimezungushiwa kamba ya katani.

"Ni hapa," Kizito akasema.

Linet alitazama. Alisubiri aonyeshwe mahali pengine.

"Hapa wapi?"

"Si ni ndani ya kamba! Huku mita tano, huku mita sita."

"Kizito, hii ni jiko."

"Ni nyumba, dada. Nyumba ya vyumba viwili inaingia."

"Na choo? Na mahali pa kuanika nguo? Na mboga nitapanda wapi, juu ya paa?"

Kizito alikunja uso. Hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyemtunza mama yao tangu baba alipofariki. Alikuwa na wana watatu, na wote walihitaji mahali pa kujenga.

"Sikupanga mimi," alisema. "Ni baba. Karatasi inasema mita thelathini mraba. Tano mara sita ni ngapi? Thelathini. Mimi nilifika darasa la nane. Hesabu hiyo naijua."

Linet alimgeukia mama yao, aliyekuwa amewafuata kwa fimbo yake.

"Mama, ni hivyo?"

Mama alitazama zile kamba muda mrefu.

"Kizito amesema karatasi imesema hivyo," alijibu. "Mimi sijui kusoma, mwanangu."

 Linet angeweza kulia, au kupiga kelele majirani wasikie. Badala yake alisema, "Nipe hiyo karatasi niione."

"Utaiona ufanye nini?"

"Nitaisoma."

Kizito alicheka kidogo, akaileta. Linet alikaa mlangoni, akafungua daftari lake la ngumbaru, akaanza kuinakili neno kwa neno. Ilimchukua karibu saa nzima. Kizito alipita mara mbili akijifanya ana kazi pale. Mara ya tatu alisimama nyuma yake.

"Ati siku hizi unaandika?"

"Naandika," Linet akasema, bila kuinua kichwa.

Jumanne iliyofuata, darasa lilipoisha, Linet alibaki. Alimwonyesha Mwalimu Wakiuru daftari, akamweleza yote.

"Nisomee wewe mwenyewe, Mama Nekesa," mwalimu akasema.

Linet akasoma: "Mimi Khaemba ninampa binti yangu Linet kiwanja cha kujenga, mita thelathini mraba. Pembe ya kwanza iko kwenye jiwe kubwa. Pembe ya pili iko kwenye mvule. Mke wangu amesimama nami tukipima."

Mwalimu alichukua chaki.

"Tuanze na neno lenyewe. Mraba ni nini?"

"Ni kama boksi. Pande nne, zote sawa."

"Vizuri. Neno hili liliingia Kiswahili zamani, kutoka Kiarabu. Ndani yake kuna nne. Sasa tafuta ndugu zake. Ukigawa mkate sehemu nne, kila sehemu inaitwaje?"

"Robo."

"Robo ni ndugu yake. Na makumi manne?"

Linet alifikiri. "Arobaini!"

"Naye ni ndugu yake. Na mtu mwenye kifua kipana na mabega mazito, husemwaje?"

"Mtu wa miraba minne." Linet alicheka. "Kumbe ni neno lile lile!"

"Ni lile lile. Limetumika kwa umbo, limetumika hata kwa mwili wa mtu. Halafu wapimaji wakalitumia kwa kipimo. Angalia."

Mwalimu alichora mraba mdogo ubaoni.

"Huu una mita moja kila upande. Unaitwa mita moja ya mraba. Ukipanga miraba thelathini kama huu, unapata mita za mraba thelathini. Hiyo ndiyo tano mara sita ya kaka yako."

"Kwa hiyo yuko sawa?" Sauti ya Linet ilishuka.

"Ngoja kwanza. Watu wengine husema 'mita thelathini mraba' wakiwa na maana nyingine. Wanataka kusema: umbo ni mraba, na kila upande una mita thelathini." Alichora mraba mkubwa uliojaza ubao. "Thelathini huku, thelathini huku. Huo una mita za mraba mia tisa. Ni karibu robo ekari."

Linet alitazama ule mraba mkubwa, kisha ule mdogo.

"Maneno ni yale yale, mwalimu."

"Karibu yale yale. Ndiyo maana yanagombanisha watu."

"Sasa nani ana makosa?"

"Aliyeandika hakuandika wazi. Kaka yako amesoma kwa njia moja. Wewe ukienda kusema 'mimi ndio najua mraba', mtapigana. Mimi naweza kukuambia maana mbili za neno. Siwezi kukuambia baba yako alimaanisha ipi. Soma tena mistari iliyobaki. Pembe ni nini?"

"Pembe ni ya ng'ombe."

"Na hapa?"

"Hapa ni kona ya kiwanja." Linet alichora kona hewani kwa kidole. "Pembe imechomoza, kama ya ng'ombe."

"Ndiyo. Pembe mbili zimetajwa. Ukipima kutoka moja hadi nyingine, utajua urefu wa upande mmoja. Hilo jiwe lipo?"

"Lipo. Mvule ndio sijauona. Ni kama ulikatwa."

Mwalimu aliweka kidole chake kwenye mstari wa mwisho.

"Na huyu aliyesimama naye wakipima?"

"Ni mama."

"Yuko hai?"

"Yuko."

"Kuna mtu amemwuliza?"

 Linet alifunga daftari taratibu. Njiani kurudi Kipsongo alilikumbuka lile jibu la mama, mimi sijui kusoma. Yeye mwenyewe alikuwa amelitoa jibu hilo maisha yake yote, kila mahali, na kila mara lilikuwa limemaliza mazungumzo.

Jumamosi alirudi Malakisi. Aliwaomba mama na Kizito wakae pamoja nje. Alisoma karatasi yote kwa sauti, hadi mstari wa mwisho.

Mama aliinua kichwa.

"Imeandikwa hivyo? Mimi nimeandikwa?"

"Umeandikwa, mama. 'Mke wangu amesimama nami tukipima.'"

"Hakuna mtu aliniambia hilo," mama alisema. Alimtazama Kizito, naye akatazama miguu yake. "Uliniambia tu karatasi imesema mita. Nikajua imesema. Mimi ni nani nibishane na karatasi?"

"Mama," Linet alisema, "siku hiyo baba alipimaje?"

"Kwa miguu. Alisimama kwenye jiwe akahesabu hatua kubwa kubwa, thelathini, mpaka kwenye mvule. Halafu akageuka, akahesabu tena thelathini kwenda chini upande wa mto. Mimi nilikuwa nyuma naweka vijiti. Mgongo uliniuma wiki nzima."

 Kizito alijikuna shingo.

"Mvule haupo," alisema hatimaye. "Niliukata mwaka ule tulipolima tumbaku nyingi, nikaufanya kuni za kuikaushia. Sasa ni mahindi tu pale. Tutajuaje ulikuwa wapi?"

"Kisiki kiko," mama alisema. "Nenda pale mahindi yamedumaa."

Walikwenda. Kweli, katikati ya mahindi marefu kulikuwa na mahali ambapo mashina yalifika magotini tu. Kizito alileta jembe. Alichimba kidogo. Jembe likagonga kitu kigumu, akaondoa udongo kwa mikono. Kilikuwa kisiki cha mvule, kimeoza juu lakini mizizi bado imeshika.

Kizito alileta tepu ya fundi. Linet alishika mwisho wake kwenye jiwe. Kizito alitembea kati ya mahindi hadi kwenye kisiki, akapima kwa vipande vipande kwa sababu tepu ilikuwa fupi. Alijumlisha kwa sauti. Ilikuwa mita ishirini na tisa na kidogo.

"Hatua za mzee," mama alisema.

Kizito alikaa juu ya kisiki. 

"Dada, mimi sikukuibia," alisema.

"Najua."

"Nilisoma vile nilivyofundishwa. Lakini pia..." Alisita. "Pia nilifurahi ilipotoka ndogo. Hapa ndipo nilitaka mtoto wangu mkubwa ajenge. Sikutaka kuuliza zaidi."

Linet alipiga magoti karibu naye. Hasira aliyokuja nayo ilikuwa bado ipo, lakini haikuwa na mahali pa kwenda.

"Vuna mahindi yako kwanza," alisema. "Sitagusa hata shina moja. Na huyo kijana, tutafute na mama mahali pake upande wa barabara. Lakini sehemu ya baba nitachukua yote."

"Chukua," Kizito alisema. Akainuka, akaenda kung'oa vigingi vyake mwenyewe.

Safari hii hawakutaka karatasi ya utata. Shamba lilikuwa tayari limeandikwa jina la mama, kwa kuwa mambo ya mirathi yalikwisha mahakamani zamani. Mwalimu Wakiuru alimshauri Linet kwa simu.

"Msiandike 'mraba' halafu mkaishia hapo," alisema. "Andikeni urefu wa kila upande. Andikeni eneo lote pia. Choreni ramani, pembe zote nne zionekane. Tena msitegemee miti wala hatua za mtu. Tafuteni sovea, mpimaji wa ardhi mwenye leseni, aweke alama za mpaka. Na msiishie kwa mashahidi wa nyumbani. Nendeni bodi ya ardhi muombe kibali cha kugawa, ndipo hati ipatikane."

Wakafanya hivyo. Sovea alipima, akaweka alama nne za saruji. Watoto wa Kizito walizizunguka wakihesabu, moja, mbili, tatu, nne. Karatasi mpya ilisema: "Kiwanja chenye pande nne. Kila upande ni mita thelathini. Eneo lake ni mita za mraba mia tisa." Ramani ilichorwa chini yake.

Siku ya bodi ya ardhi walitoka mapema, mama akiwa kati yao. Ukumbi ulijaa. Walipoitwa, karani alisukuma fomu mbele ya mama, pamoja na kidau cha wino.

"Weka kidole hapa, mama."

Mama alikunja mkono wake, akauficha ndani ya leso.

"Nisomewe kwanza," alisema.

"Mama, watu ni wengi."

"Nimeona. Nisomewe."

Karani alishusha pumzi. Kizito aliichukua fomu, akaisoma yote kwa sauti, hakuruka kitu. Alipomaliza, mama aliitikia kwa kichwa.

"Sasa mpe dada yako naye asome."

Linet alisimama mbele ya ukumbi ule. Aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Alisoma polepole, na palipokuwa na neno gumu alirudia. Watu waliokuwa wakinung'unika nyuma wakatulia. Mama alisikiliza amefumba macho. Midomo yake ilikuwa ikihesabu: pande nne, mita thelathini, mita thelathini.

Linet alipofika mwisho, mama alifumbua macho.

"Mmesoma kitu kimoja," alisema.

Ndipo akatoa mkono ndani ya leso, akaweka kidole kwenye wino.