Sauti ya Bega la Kushoto

"Umeona mwanga?"

"Upi?"

"Huo uliopita sasa hivi."

"Sijaona kitu."

Mpima macho alibonyeza tena. Kijitaa kikawaka pembeni kushoto, kikazima. Mchumba wake alikuwa ameketi mbele ya mashine, kidevu kwenye kiegemeo, mkononi ameshika kitufe cha kubonyeza kila akiona mwanga. Hakubonyeza. Akamwashia kingine, na kingine tena. Kidole cha mwanaume kilitulia tuli.

Alimleta hapa kwenye duka lake la miwani kwa utani tu. Magazeti yalikuwa yanaandika kwamba mchumba huyo, Dira, kiungo wa kati wa timu ya mji, ana macho kisogoni. Jina hilo la Dira alipewa na mashabiki, kwa sababu ukimpa mpira katikati ya msitu wa miguu, anajua pa kwenda kabla hajageuka. Mpima macho akamwambia njoo nikupime, nione hayo macho ya kisogoni yanavaa miwani gani. Wakacheka wote wawili. Sasa hakuna aliyekuwa anacheka.

"Inua kichwa," alisema. "Nikuulize kitu, na usinizungushe."

"Uliza."

"Upande wa kushoto, pembeni huku, huoni kabisa."

"Uzee huo, mpenzi."

"Uzee wa miaka thelathini na mmoja? Jumamosi yule beki alikujia kutoka huku huku usikoona. Nilikuwa jukwaani, nikafumba macho nisione unavyovunjwa mguu. Nilipofumbua, umeshamkwepa, yeye yuko chini anakumbatia nyasi. Ulimwonaje?"

Dira alijikuna shingo. Uongo ulikuwa karibu, tena mwepesi, lakini alikuwa amechoka kulibeba jambo hilo peke yake.

"Sikumwona. Niliambiwa."

"Na nani?"

"Na kaka yako."

Kaka yake alikuwa kaburini. Mapafu, ndivyo walivyomwita kwa jinsi alivyokimbia bila kuchoka, alicheza ubavuni mwa Dira tangu wakiwa vijana, mpaka asubuhi moja ya mazoezi moyo wake ulipogoma. Alianguka kwenye duara la kati, wenzake wakadhani anawafanyia mzaha. Mpima macho alimzika kaka yake huyo wa pekee akiwa ameshikwa mkono na Dira, na penzi lao lililokuwa la kujificha likaonekana na kila mtu siku ile.

"Usinifanyie hivyo," alisema polepole.

"Haki ya Mungu. Mpira ukiwa unanijia, namsikia hapa, begani kushoto, kule alikokuwa anasimama. Adui akinijia mgongoni ananiambia, 'Mtu.' Kukiwa shwari ananiambia, 'Una muda.' Sauti ni ile ile. Nikigeuka yeye hayupo, lakini huyo mtu niliyeonywa juu yake yupo."

"Anasema nini kingine?"

"Hayo tu."

"Hajaniulizia?"

Dira akaweka kitufe mezani. Mpima macho alizima mashine, akajiangusha kwenye kiti cha wateja.

"Nimelala na shati lake mpaka harufu yake imeisha. Nimemwomba aje hata ndotoni. Tumenyonya ziwa moja mimi na yeye. Halafu anakwenda kwako, kukusaidia kupiga pasi."

Ulikuwa wivu wa ajabu na mwenyewe aliuonea aibu. Akafuta macho kwa mkono wa koti lake jeupe. Kisha akatulia, kama mtu aliyegundua kitu.

"Alipokuwa hai, aliwahi kukuambia nini juu yangu?"

Hilo ndilo swali ambalo Dira alikuwa akilikimbia muda wote.

"Alitugundua. Tulikuwa tunafunga viatu, akaniambia, 'Siku utakayomwoa dada yangu, sauti yangu hutaisikia tena.' Akacheka. Mimi sikucheka."

"Ndiyo maana umeahirisha harusi mara tatu," alisema mpima macho. "Mara ya kwanza ulisema ligi imebana. Mara ya pili goti. Mara ya tatu nyumba haijapakwa rangi. Kumbe unaogopa kumkosa maiti."

"Nikimkosa sina mpira, nielewe. Wakala wa klabu kubwa anakuja Jumamosi kuniangalia. Nisubiri nisaini tu, halafu..."

"Toka, nina wateja."

Dukani hakukuwa na mteja hata mmoja. Dira akachukua kofia yake, akatoka. Hajafika hata kwenye gari, simu ikalia. Ujumbe ulikuwa mfupi:

"Ndoa hakuna tena. Nilikubali kuishi na mchezaji, sikukubali kugombea zamu na kaka yangu. Msalimie."

Hilo neno la mwisho ndilo lililomchoma zaidi. Alikaa garini akilisoma na kulirudia. Mwishowe akampigia mama yake Mapafu, yule yule aliyetarajiwa kuwa mama mkwe wake.

"Mama, ni kweli Mapafu hakutaka nimwoe dada yake?"

"Kwani alimtaka nani? Yule kijana wa duka la viatu aliyekuja kumposa dada yake, si alimmwagia ndoo ya maji? Huyo hata ungemletea malaika, angemuuliza mabawa kayatoa wapi."

Dira alijikuta anacheka huku machozi yanamtoka.

"Mama, mimi namsikia. Uwanjani. Ananisemesha."

"Sauti yake haijabadilika?" mama aliuliza.

"Haijabadilika, mama."

"Afadhali." Akavuta pumzi. "Sasa nisikilize, mwanangu. Mimi nimemzaa na nimemwachia aende. Wewe umemng'ang'ania, kila wiki unamkimbiza uwanjani. Na binti yangu umemweka kiporo. Huyo aliyekufa hajakuzuia kitu. Unajizuia mwenyewe."

Siku mbili nzima Dira hakula vizuri. Alhamisi akarudi dukani. Safari hii mteja alikuwepo kweli, mzee mmoja aliyekuwa anasoma herufi ukutani.

"Twende kesho kwa msajili wa ndoa," Dira alisema, akiwa bado mlangoni.

Mzee akaacha kusoma ili asikie vizuri.

"Endelea, mzee wangu," mpima macho alimwambia.

"Nitaendelea. Mjibu kwanza kijana wa watu."

Mpima macho akakunja mikono. "Kesho Ijumaa. Keshokutwa una mechi. Na wakala?"

"Atanikuta nimeoa."

"Na kaka akinyamaza kweli?"

"Itaniuma, sikufichi. Namhitaji na nampenda. Lakini wewe uko hai, na mimi nimekupanga foleni nyuma ya marehemu. Nimekukosea."

"Huji kwa sababu mama kakusema?"

"Kanisema, ndiyo. Kuja nimekuja mwenyewe."

Mpima macho akamgeukia mzee.

"Kesho duka halifunguliwi, mzee wangu. Tumalize leo."

Ofisi ya msajili ilikuwa na meza moja, feni isiyofanya kazi na viti vichache. Mama aliketi nyuma yao. Msajili akauliza, kama ilivyo desturi ya kazi yake, kama kuna mwenye pingamizi. Wote watatu wakatega sikio. Hakuna aliyesema neno, na msajili akashangaa kuwaona maharusi wakilia kabla hawajatia saini.

Jumamosi uwanja ulijaa. Mpira wa kwanza ulipomjia, Dira alisubiri begani kushoto. Maelfu ya watu walikuwa wanapiga kelele, na kwake kulikuwa kimya kabisa. Akageuka kwa kubahatisha, akapona. Mara ya pili hakupona. Alikumbwa kutoka kushoto, akanyang'anywa, na kabla hajainuka mpira ulikuwa umeshatikisa nyavu za timu yake. Kocha akamtoa kabla ya mapumziko. Mashabiki wale wale waliomwita Dira wakamuuliza kwa kelele leo amepotelea wapi.

Ujumbe wa wakala ulimkuta chumba cha kubadilishia nguo: "Tutawasiliana." Kila mchezaji anajua maana ya neno hilo.

Alikaa kwenye benchi, viatu miguuni, akasema kwa sauti, "Uko wapi, ndugu yangu?" Ukuta haukumjibu. Akalia kwa kwikwi. Alikuwa amefiwa mara ya pili, na safari hii nani angempa pole?

Mkewe alimsubiri kwenye geti la wachezaji.

"Kimya?" aliuliza.

"Kimya."

"Unajuta?"

"Namlilia. Sijuti."

Msimu ukaisha Dira akiwa benchi, na uliofuata hakusajiliwa. Klabu ikampa vijana wa akademia awafundishe kucheza kiungo. Aliwafokea mchana kutwa wageuze shingo, waangalie kabla ya kupokea. Kuna siku alirudi nyumbani hana raha hata ya kuvua viatu, na mkewe hakumsemesha mpaka mwenyewe aanze.

Jumapili moja asubuhi walikuwa jikoni. Yeye anakata vitunguu, mkewe anachemsha chai. Ghafla mwanamke akageuka.

"Umesema?"

"Sijasema kitu."

Mkewe akabaki amesimama, kijiko mkononi, shingo ameilaza kidogo kushoto. Dira aliujua mkao huo kuliko mtu yeyote duniani. Akaweka kisu chini taratibu.

"Anasemaje?" alinong'ona.

Mkewe alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, amejishika kifua, anasikiliza hadi mwisho.

"Anasema shemeji yake amenenepa."