Mchora Mabango na Mtoro Wake

Asubuhi nyumbani kwa mchora mabango ilianza kwa harufu ya rangi. Kabla chai haijachemka, mama alikuwa ameshaketi kwenye kigoda mlangoni, akisafisha brashi zake kwa mafuta ya taa na kuzifuta kwenye aproni ambayo hakuna aliyekumbuka ilikuwa ya rangi gani ilipokuwa mpya. Baba, ambaye alikuwa kinyozi, aliitia mafuta mashine yake ya kunyolea huku akiimba chinichini. Binti yao alipiga pasi sketi ya shule, akizungumza bila kituo, na ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chiriku. Majirani hawakuhitaji saa. Kelele zikikoma, walijua Chiriku amekwenda shule.

Kila jioni mama alikuwa na swali lake: leo mmejifunza nini? Likiwa somo la sayansi, Chiriku angeeleza mpaka chai ipoe. Lakini ikifika zamu ya hesabu, sauti ilishuka ghafla. Uwiano, mama. Kesho yake, uwiano. Wiki iliyofuata, bado ni uwiano. Mama alicheka, akamuuliza mumewe kama huo uwiano hauna mwisho.

Mwisho ulikuwepo, ila Chiriku hakuufikia. Siku moja mwalimu wa hesabu alimwita ubaoni agawe machungwa ishirini kwa watoto wawili, kwa uwiano wa mbili kwa tatu. Chiriku akaandika haraka kama anavyosema: mmoja kumi, mwingine kumi na tano.  Kisha mvulana mmoja aliyeitwa Kijembe, na jina lenyewe linakueleza tabia yake, akasema kwamba huyu apewe ghala la shule, maana akigawa vitu vinaongezeka. Lo, walivyocheka! Chiriku, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, siku hiyo alikosa. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

Tangu hapo, kengele ya hesabu ikilia baada ya chakula cha mchana, Chiriku alizunguka nyuma ya madarasa, akapanda pale matofali ya ukuta yalipomomoka, akarukia upande wa pili. Alikaa kwenye kivuli cha tangi la maji mpaka somo liishe, halafu akarudi kimyakimya. Mwalimu alipomuuliza, tumbo lilikuwa linauma. Mama alipomuuliza, ilikuwa uwiano.

Wakati huohuo shule iliita mkutano wa wazazi, kwa sababu utoro ulikuwa umezidi. Unadhani nani aliongea kwa sauti kubwa kuliko wote? Mama yake Chiriku. Alisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, kwa hiyo mtoro asimamishwe shule wiki mbili, na sheria hiyo iandikwe ukutani kila mtu aione. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Baba aliinua mkono, alitaka watu wafikiri kwanza, lakini makofi yakamfunika. Mama akajitolea kuandika yeye mwenyewe, bila malipo.

Chiriku alijua mama angeandika ukuta wa mbele, karibu na lango. Asichokijua ni kwamba mbele kulikuwa na jua kali, na mama akaamua kuanzia nyuma, kwenye kivuli cha tangi. Alisimama juu ya ngazi akaandika kwa rangi nyekundu: MTORO ATASIMAMISHWA SHULE. Kama kawaida yake alipima kwa macho tu, hivyo herufi za mwanzo zilijinyoosha kwa raha na za mwisho zikabanana kwenye kona. Hapo ndipo viatu viwili vilipotokea juu ya ukuta, kisha sketi. Mama aliitambua sketi hiyo kwa mikunjo yake, maana aliiona ikipigwa pasi asubuhi.

Chiriku alitua chini kando ya ngazi. Alitazama juu, akasoma ukuta, akamtazama mama yake.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Unatoka wapi?"

"Hesabu."

Mama alisimama pale, brashi mkononi, rangi ikimdondokea kiatuni. Hakuna mtu aliyekuwa ameona. Angeweza kumnyanyua mtoto wake, akamrudisha kupitia palepale, na mambo yakaishia hapo. Moyo wake ulitamani hivyo, na mimi simlaumu. Lakini alishuka, akamshika Chiriku mkono, wakazunguka mpaka langoni na kuingia ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Mwalimu," alisema, "mtoro wa kwanza nimemleta mwenyewe. Ni wangu."

Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Chiriku angekaa nyumbani wiki mbili kuanzia Jumatatu ya wiki inayofuata. Na mtihani wa kufunga mwaka ulikuwa ndani ya wiki hizo, na asiyefanya mtihani hukariri darasa. Wenzake wangepanda, yeye angebaki. Chiriku aliposikia hivyo alilia kwa kwikwi.

Nyumbani baba hakugomba. Alimuuliza binti yake jambo moja tu: katika hizo wiki mbili, atajifunza nini? Chiriku alikuwa amechoka kudanganya, akasema ukweli. Hatajifunza kitu. Mtihani unamliza, lakini hesabu atakuwa ameikwepa kabisa. Baba akamgeukia mama.

"Umesikia, mke wangu? Kosa lake ni kukimbia darasa, nasi tumempa ruhusa ya kukimbia darasa. Mtu akija kwangu na kichwa kilichonyolewa vibaya, simwambii akakae nyumbani. Namkalisha kitini."

 Mama aliziosha brashi zake mara ya pili, ingawa zilikuwa safi. Asubuhi alikwenda kuomba wazazi waitwe tena, na Jumamosi walikuja.

Mkutano ulikuwa mkali. Mzazi mmoja, muuguzi, alisema watoto waulizwe kwanza wanakimbia nini. Mzee mmoja akataka samaki akunjwe angali mbichi, na fimbo zirudi. Muuza mbao, ambaye mkutano uliopita alipiga makofi mpaka viganja vikauma, alimwelekea mama moja kwa moja. Alisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Watoto walipokuwa wa wenzake sheria ilikuwa tamu, leo ni wake, anakuja kubembeleza.

Mama alisimama. Sauti yake haikuwa kubwa kama mara ya kwanza.

"Ndugu yangu, usemayo ni kweli. Lakini sikuja kuomba mtoto wangu apunguziwe adhabu. Nimekuja kuomba aongezewe."

 Mama akaeleza kwamba kulala nyumbani si adhabu kwa mtoro. Aliyekimbia somo alisome, kisha asimame mbele ya darasa na mbele ya wazazi, awafundishe wote. Adhabu ya kukaa nyumbani isubiri, Chiriku afanye hivyo Ijumaa ijayo. Akishindwa, sheria ichukue mkondo wake na darasa akariri. Mwalimu wa hesabu alisema yuko tayari kubaki naye kila siku baada ya masomo. Muuza mbao alijikuna kidevu, akaunga mkono, ila akaahidi kwamba Ijumaa atakaa mstari wa mbele.

Wiki hiyo Chiriku aliipata. Kila jioni aligawa vizibo vya soda mezani, akakosea, akavikusanya, akaanza upya. Alilia mara kadhaa, akafuta machozi kwa mkono wenye chaki. Siku ya tatu ndipo alipoliona kosa lake, akapiga kelele hadi baba akakimbia kutoka kwenye kibanda chake cha kunyolea akidhani kuna nyoka. Kisha akachukua futi kamba ya mama, akaenda kupima ule ukuta, ambao mama alikuwa ameshaupaka chokaa upya.

Ijumaa darasa zima lilitoka nje, na wazazi wakakaa kwenye madawati mbele ya ukuta mweupe. Chiriku alisimama mbele yao, na mdomo ulikuwa umerudi.

"Siku ile niligawa machungwa ishirini, nikapata ishirini na tano," alianza. Watu walicheka, naye akacheka pamoja nao. "Nilisahau kujumlisha sehemu. Sehemu mbili na sehemu tatu ni sehemu tano. Ishirini gawanya kwa tano, kila sehemu ni machungwa manne. Huyu nane, huyu kumi na mbili. Jumla ishirini. Kwa hiyo, Kijembe, ghala la shule libaki kama lilivyo."

Kijembe hakukubali kushindwa kirahisi. Aliuliza uwiano unasaidia nini mbali na machungwa. Chiriku alikuwa akilisubiri swali hilo. Alitoa karatasi yenye upana wa sentimita thelathini, aliyoiandikia maneno ya sheria mpya waliyokubaliana wazazi, nafasi ya kushoto sawa na ya kulia. Ukuta ulikuwa na upana wa mita sita. Akaonyesha kwamba sentimita moja ya karatasi ni sentimita ishirini za ukutani, kila herufi, kila nafasi. Wenzake walipiga hesabu kwa sauti, yeye akaweka alama za chaki, na mama akafuata nyuma yake na brashi: UKIKOSA SOMO, UTATUFUNDISHA.

Herufi ya mwisho ilikaa mahali pake bila kubanwa. Muuza mbao aliinuka, akatoa futi mfukoni mwake, akapima nafasi ya kushoto, akaenda akapima ya kulia. Akapima tena kushoto. Halafu akairudisha futi mfukoni na kuanza kupiga makofi, na uwanja mzima ukamfuata. Mwalimu mkuu alitangaza palepale kwamba Chiriku atafanya mtihani na wenzake. Baba alimbeba juu kwa juu mbele ya watu wote, Chiriku akaona aibu na furaha kwa pamoja.

Kijembe alimfuata baadaye, akitazama chini. Alisema siku ile alicheka sana kwa sababu hata yeye jibu hakulijua. Chiriku alimwambia aje nyumbani jioni, vizibo vipo.

Walipokuwa wakikusanya makopo ya rangi, mama alimwekea binti yake mkono begani.

"Mwanangu, njia ya mwongo ni fupi. Yako iliishia kwenye ngazi yangu. Somo ukilikimbia halikufuati, linakaa palepale ulipoliacha likikungoja. Lirudie ungali mdogo. Kuchekwa kunapita, ujinga hauondoki wenyewe. Na mimi nimejifunza kwamba mtoto anayekimbia darasa hafukuzwi, anarudishwa."

Chiriku aliitikia, kisha akaanza kueleza jinsi ukuta wa mbele nao utakavyopimwa, na bango la kibanda cha baba, na lile la muuza mbao. Alieleza njia nzima. Walipofika nyumbani chai ilikuwa imepoa, na baba akauliza ni nani hasa aliyeomba mtoto huyu aongezewe hesabu.